Majani Chini ya Godoro la Usufi

Ni harufu iliyonirudisha. Mjukuu wangu Swafiya alikuja kuniona kutoka Tudor, amepakata kijungu cha plastiki kama mtu aliyepakata mtoto mwenye homa, akaniwekea magotini.

"Nyanya, hebu niangalizie. Majani yanageuka manjano, mengine yana madoa, na sijui nimelikosea nini ua la watu."

Macho yangu siku hizi hayana kazi kubwa, kila kitu nakiona kama kiko nyuma ya kioo chenye mvuke. Lakini pua bado ni yangu. Nikatia kidole mizizini, nikakinusa. Ikanijia harufu ya makumbi ya nazi yaliyolala majini muda mrefu, nzito, yenye utamu mbaya ndani yake, na papo hapo nikawa nimesimama uani kwetu Mji wa Kale, miguu mitupu juu ya sakafu baridi, na shingo inaniuma kwa kutazama juu.

"Ni nani mwengine anayelimwagia maji?" nikamuuliza.

"Hakuna, Nyanya. Ni mimi tu."

"Una hakika?"

"Wallahi. Mume wangu ndiye aliyeninunulia, naye yuko Uarabuni, atalimwagiaje? Na mama mkwe hata kulitazama halitazami. Yeye na tasbihi yake, mimi na simu yangu."

Nikafumba macho. Swafiya alidhani nimesinzia, akainuka akaenda kupika chai. Sikusinzia. Nilikuwa nahesabu waliokufa.

Wenyewe wanaliita okidi. Sisi nyumbani hatukuwa na jina lake. Mwaridi tulikuwa tukiujua, na asumini, na mrehani, maana hayo yana kazi yake, yanatiwa kichwani na kitandani. Hili halikuwa na kazi. Tuliliita mti wa Baba, basi.

Niseme mapema kwamba shule mimi sikwenda. Chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, nilikwenda, nikahitimu sehemu, nikatolewa, na sababu yake nitaisema. Kuandika huku nilifundishwa na wanangu nikiwa mtu mzima, kwa hivyo naandika kama ninavyosema, na atakayechoka na apumzike, anywe maji, arudi.

Baba alikuwa fundi wa milango. Nyinyi wa rika langu mnaikumbuka milango ile, ya kuchongwa, unapapasa nakshi kwa kidole mpaka unasahau ulitumwa nini. Mama alikufa akinizaa. Nyumbani tulikuwa watatu: Baba, mimi, na Nyanya, mama yake Baba, mwanamke mrefu aliyekonda, mwenye sauti ndogo asiyoitumia. Siku moja Baba alivuka kwenda Changamwe kutazama mbao, akakuta wanaangusha mti mkubwa, na pale panapogawanyika matawi pameketi kitu. Wenzake walitazama mbao, yeye akatazama kile kitu. Akakitia guniani akaja nacho nyumbani pamoja na siafu wake wote, tukacheza ngoma uani tukijipiga miguu.

Ulikuwa na vijiti vinene vilivyosimama pamoja kama miwa ya kitoto, na majani marefu juu yake. Mizizi yake ndiyo iliyonishangaza. Ilikuwa myeupe, migumu, imesimama kama sindano, na yote imeelekea juu.

"Udongo wake uko wapi?" Nyanya akauliza.

"Hauna udongo, Mama. Wakaa juu ya mti mwenzake."

"Mti usiokuwa na udongo! Huo ni kiti cha majini huo. Watoe nyumbani mwangu."

"Jini gani, Mama, atakayekaa pahali padogo hivi? Atakuwa jini maskini sana."

Mimi nikacheka, Nyanya hakucheka. Baba akakaa siku ile na mabaki ya mvule, akautengenezea kitundu kidogo kama cha ndege, chenye nakshi kama ya dirisha, akakining'iniza kwenye boriti pale uani, mahali ambapo jua la asubuhi linafika na la mchana linazuiliwa na ukuta. Nikamuuliza, "Baba, mbona mizizi yatazama juu?" Akaniambia, "Yaomba dua ya mvua." Nikaamini. Hata leo, nikiona mtu ameinua mikono baada ya swala, kuna sehemu ya akili yangu inayouona ule mti.

Akanifundisha kuutunza. Maji ya mvua tu, yale ya kwenye mtungi uliowekwa chini ya mchirizi, si ya kisima. Kisima chetu kilikuwa na chumvi, sabuni haifanyi povu. Na maji yenyewe kidogo, nusu kata ya kifuu alasiri, na ukiona mizizi bado imelowa, acha. "Huu ni mti wa kiu," alisema. "Ukiuhurumia sana wauua." Nilimsikiliza kama watoto wanavyosikiliza mambo ya kazi, yaani kwa mwili wote.

Halafu ikaja vita ile kubwa ya Wazungu. Hakuna aliyetaka mlango wa nakshi tena. Sukari ikawa ya foleni, na usiku tukitundika vitambaa vyeusi madirishani ili mwanga usitoke. Baba akapata kazi ya kupigilia masanduku huko Mbaraki, kisha wakachagua mafundi wa kufuatana na majeshi ng'ambo, akawemo. Siku ya kuondoka gari lilikuwa likiwangoja Mwembe Tayari. Mimi nilishika kanzu yake sikuiachilia, nikalia mpaka pua ikaziba. Alikuwa na haraka, masikini. Akatazama huku na huku apate la kunyamazisha mtoto, akauona mti wake.

"Mwanangu Maimuna, sikiliza. Huo ukichanua tu, ujue mimi niko njiani. Usilie basi. Utazame ule."

Neno la mtu mwenye haraka, lakini mimi nililichukua kama ahadi iliyoandikwa mbinguni.

Haukupita muda nikavunja ungo. Msione haya, sote tuliokulia kule tunajua maana yake: nikatiwa ndani. Jana unaruka kamba uchochoroni, leo wewe ni mwari, hutoki, huchungulii, chuoni huendi tena. Wenzangu wengine walipotawishwa walikuwa na dada, na mama, na shangazi wa kuwasuka nywele na kuwacheka. Mimi nilikuwa na Nyanya. Na Nyanya, tangu Baba aondoke, aliongea na mimi kwa vitu. Akitaka nifagie, anaweka fagio mbele yangu. Akitaka nikune nazi, anaisukuma mbuzi kwa mguu. Chakula tukila, tulikula tukitazama sinia. Nilidhani ananichukia kwa kuwa nilimuua mama yangu kwa kuzaliwa, maana mtoto akikosa sababu hujitafutia, na anayoipata huwa mbaya kuliko yote.

Nikakaa hivyo. Mchana nikisikia sauti za wasichana wadogo uchochoroni, nilizijua moja moja, na michezo nimewafundisha mimi. Mbali huko Kilindini meli zikipiga honi, na kila honi nilifikiri ni yake. Barua hazikuja, na zingekuja ni nani wa kutusomea. Dunia yangu ilikuwa kipande cha mbingu cha mraba juu ya uani, na katikati ya kipande hicho unaning'inia mti wa Baba. Nilikuwa nikiongea nao. Kwa sauti ya chini, Nyanya asisikie.

Na mti ukaanza kuumwa.

Ulianza chini. Jani la chini kabisa ncha yake ikageuka rangi ya limau lililokauka. Nikasema ni jua, nikamwomba Mungu mawingu. Kisha yakatokea madoa meusi, kila moja na duara la manjano kulizunguka, kama jicho linalonitazama. Nikasema ni wadudu, nikapanda juu ya pipa nikafuta jani moja moja, juu na chini, kwa kitambaa na maji ya sabuni. Sikuona mdudu. Nikasema ni moshi wa jikoni, nikawa nafunga mlango wa jiko mpaka mimi mwenyewe nikatoka machozi. Rangi ikapanda kutoka ncha mpaka katikati, jani likalegea shinani, na siku nyengine ukiligusa tu linabaki mkononi, baridi, laini, kama sikio la maiti. Nisameheni kwa kusema hivyo, lakini nimeosha maiti wengi na najua ninachokisema.

Sasa nitawaambia nilivyofikiri, na msinicheke. Niliona kwamba Baba na mti wake ni kitu kimoja. Kama ukichanua maana yake yuko njiani, basi ukiumwa maana yake anaumwa. Majani ya chini yalikuwa miguu yake. Yale ya kati tumbo na mikono. Madoa yalikuwa risasi. Na kile kijiti kirefu cha katikati, chenye jani changa juu, hicho kilikuwa kichwa na moyo. Kila asubuhi nilikuwa nikisoma hali ya Baba pale kama watu wengine wanavyosikiliza redio. Leo ni mguu wa kushoto. Leo ni goti.

Na kwa kuwa Nyanya alikuwa mama yake, na mzee, nikaona asijue. Kila jani lililoanguka nililiokota upesi, nikalificha chini ya godoro langu la usufi. Usiku nikigeuka nilisikia yanavyovunjika.

Basi siku moja nikagundua kitu. Yako majani niliyoyaona magharibi yamekuwa manjano, yanakaribia kuanguka, na asubuhi hayapo. Juu hayapo na chini hayapo. Mara ya kwanza nilidhani nimesahau. Mara ya pili nikajua. Kuna mtu anayanyofoa, na humu ndani tuko wawili.

Nikakumbuka "kiti cha majini". Nikakumbuka "watoe nyumbani mwangu". Nikaanza kumwogopa Nyanya kwa woga ambao sijapata kumwogopa mtu tena. Nilikuwa namtazama anavyopepeta mchele, vidole vile virefu, nawaza, ndivyo hivyo vinavyomnyofoa Baba.

Nikamvizia. Alfajiri, baada ya swala, mbingu imeanza kuwa na rangi ya jivu, nilisikia mbuzi ikiburutwa. Nikatoka polepole nikasimama nyuma ya nguzo. Nyanya alikuwa amepanda juu ya ile mbuzi ya kukunia nazi, mtandio umemteleza, nywele nyeupe ziko wazi. Mkono mmoja ameshika boriti, mkono wa pili ana sahani nyeupe, na anamimina kitu juu ya mti. Maji ya manjano. Yalikuwa yakichuruzika kwenye mizizi, yanadondoka, yanamshukia kwenye mkono mpaka ndani ya kwapa, na midomo yake inacheza.

Maji ya manjano, na majani ya manjano! Nikapiga ukelele.

"Wamuua Baba! Nyanya, wamuua Baba!"

Sahani ikamponyoka ikavunjika. Alishuka sijui alishukaje, akanishika mabega yote mawili, uso wake umebadilika, na wala hakuwa na hasira.

"Umesikia nini? Nani amekuja na habari? Niambie! Amekuja nani?"

"Hakuna aliyekuja."

"Wasema baba yako yuwafa, nani kakwambia?"

"Majani," nikasema. "Majani yameniambia."

Akakaa pale pale sakafuni katikati ya vigae. Alinitazama kwa muda mrefu, kama mtu anayemwona mgeni mlangoni akijaribu kukumbuka ni wa ukoo gani.

"Hata wewe?" akasema.

Nikamuuliza yale maji ni nini. Akaniambia, "Ni kombe, mwanangu." Mnalijua: mwalimu huandika aya kwa zafarani juu ya sahani, zikaoshwa kwa marashi, mgonjwa akanywa. Alikuwa akiandikiwa na mwalimu wa msikiti wa mtaani, akiletewa kwenye chupa, na kila alfajiri akitia kidogo sahanini, akichanganya na maji ya kisima yaliyobaki ya udhu wake, maana hayo nayo hakupenda yamwagike yakanyagwe.

"Kombe hunywewa na mgonjwa," akasema. Ile sauti yake ndogo, nadhani ndiyo mara ya kwanza nimeisikia yote. "Mwanangu mimi yuko wapi nimnyweshe? Sina chake chengine chenye uhai humu ndani ila huu mti na wewe. Wewe wanywa chai. Nikaupa huu."



Na kabla hatujainuka, tukasikia viatu vya mti kwenye wikio, kile kijidaraja kilichounganisha ghorofa yetu na ya jirani, maana wanawake wa kwetu walikuwa wakitembeleana hapo bila ya kushuka njiani. Alikuwa Bi Tima. Bi Tima alikuwa ameolewa na kuachwa mara nyingi, na kila akiachwa akirudi na kopo la asumini, basi paa la nyumba yake lilikuwa bustani. Alikuja na mswaki mdomoni.

"Kuna nini? Mwauana kabla ya chai?"

Nyanya akauonyesha mti. Bi Tima akautazama, akautoa mswaki, akautazama tena. Akauteremsha na kitundu chake, akauweka kwenye sinia mapajani, akaingiza pua yake yote mizizini kama anayenusa kichwa cha mtoto.

"Mti huu hauumwi," akasema. "Mti huu umelewa."

"Astaghfirullah!" akasema Nyanya.

"Umelewa maji, Mwana wewe! Nusa." Akaninusisha mimi kwanza. Makumbi yaliyolala. "Hebu bonyeza kijiti hiki." Nikabonyeza, kidole kikaingia kama kwenye ndizi iliyoiva mno. Akashika mzizi akauvuta kidogo, ngozi yake ikavuka yote kama soksi, ukabaki uzi mwembamba. "Mzizi mzima ni mgumu, mweupe. Huu umeoza. Jani likifa kwa jua lakauka, lafanya kelele ukilikunja. Haya yamelegea, yafa kwa kuzama. Na hizi ncha zilizoungua ni chumvi, mmeupa maji ya kisima. Kisima hicho nywele zangu chazigeuza makumbi, sembuse mti. Haya, nani ananywesha?"

"Mimi," nikasema.

"Mimi," akasema Nyanya.

Tulisema pamoja. Bi Tima akamtazama yeye, akanitazama mimi.

"Nyinyi wawili, nyumba moja, sinia moja, na hamwambiani nani amenywesha mti?"

Kuku wa jirani alikuwa akidonoa vigae vya sahani, Bi Tima akamfukuza kwa mguu. Kisha akasema kwa upole, maana alikuwa na ulimi lakini hakuwa na roho mbaya, "Kombe ni dawa, sikatai. Lakini limeandikiwa mwenye koo." Na hapo Nyanya, Mungu amrehemu, alitoa mlio ambao kwanza nilidhani ni kilio. Kilikuwa kicheko. Sikuwa nakijua.

Lakini kicheko hakikukaa, kwa kuwa Bi Tima aliomba kisu. Vijiti vilivyooza ni lazima vikatwe, alisema, la sivyo uozo utapanda ufike kwenye vile viwili vilivyobaki vizima. Mimi nikalala juu ya sinia. Nikasema havikatwi. Nikasema kile ni mguu wake, na kile ni mkono, na yote niliyokuwa nimeyaficha yakanitoka kwa vilio, risasi na goti na kila kitu. Bi Tima hakunicheka. Alimpa Nyanya kisu.

"Mwanao, mjukuu wako," akasema. "Mimi sikati."

Nyanya alikishika kile kisu muda mrefu. Nilimwona anatazama kijiti cha katikati, kile kirefu, na nikajua kwamba naye alikuwa amekipa jina lile lile nililokipa mimi. Kilikuwa kizima juu, lakini chini kimeshaanza kuwa cheusi. Alipapasa kama Baba alivyokuwa akipapasa mbao kutafuta kifundo. Akasema Bismillah, akakata. Akakata kile, akakata na vyengine, machozi yanamchuruzika mpaka kidevuni wala hayapangusi. Bi Tima akasaga makaa akapaka unga wake mweusi kwenye majeraha. Ukabaki mti mdogo, vijiti viwili vifupi, na majani machache ya kuhurumiwa.

"Sasa mwacheni," akasema Bi Tima. "Hakuna maji, hakuna kombe, hakuna chozi, mpaka mizizi mipya itoke. Aone kiu."

Alipokwenda zake, Nyanya aliingia chumbani. Nikasikia kasha likifunguliwa. Akarudi na kikoi cha Baba kimefungwa fundo, akakaa karibu nami, akafungua. Yalikuwa majani. Makavu, ya manjano na hudhurungi, yamepangwa moja juu ya jengine. Yale niliyokuwa nikiyatafuta.

"Sikutaka uyaone," akasema. "Nilisema, mtoto huyu hana mama, asije akajua."

Nikainuka nikaenda nikanyanyua godoro. Nikaleta yangu, yaliyovunjika kwa kulaliwa, nikayamimina kwenye sinia pamoja na yake. Yalikuwa rangi moja. Yalipochanganyika hakuna aliyeweza kusema lipi lilifichwa na nani. Nyanya alikuwa akiyapitisha vidoleni kama mtu anayechagua mchele, hatupi hata moja.

"Nilidhani ni mimi peke yangu," akasema.

Sitawaambia kwamba tangu siku ile nyumba ilijaa vicheko. Haikujaa. Nyanya alibaki Nyanya, na mimi nilibaki mwari ndani ya kuta, na jioni zilikuwa ndefu vile vile. Lakini aliacha kunisukumia mbuzi kwa mguu, akawa anasema, "Maimuna, kuna nazi." Neno lenyewe dogo, lakini nilikuwa nalingoja tangu asubuhi. Na mti tukaugawana: siku moja yake, siku moja yangu, ya kuutazama mizizi na kuamua unywe au usinywe. Tukawa tunaulizana.

Ulichanua, naam. Ulichukua muda wake, ukapita na jua kali, kikatoka kikono chembamba, kikafunguka maua ya manjano yenye madoa ya hudhurungi kama ngozi ya chui, na harufu tamu ya mbali ambayo ukiifuata huipati. Nyanya hakusema kitu. Alitoa kanzu ya Baba akaifukiza udi. Akafagia uchochoro mpaka mlango wa tatu. Tukaketi. Kila kiatu kilichopita tulinyanyua vichwa pamoja, tukavishusha pamoja. Maua yakanyauka, yakaanguka moja moja. Nyanya aliyaokota, hakuyaficha mara hii. Kanzu akaikunja akairudisha.

Baba alirudi vita vimekwisha, mchana, saa ambayo hakuna anayemtazamia mtu, ule mti hauna ua hata moja. Alikuwa amekonda, na kikombe cha bati kiunoni. Nilimwamkia nikambusu mkono, na mkono ule ulikuwa wa mtu mwengine. Alilala sana. Hakupenda mlango ugongwe kwa nguvu. Tindo zake za kuchongea milango alizitazama akazifunika tena.

Siku moja aliketi uani anakunywa kahawa, akainua macho, akauona mti ndani ya kitundu chake cha nakshi.

"Kitu gani hiki?" akauliza. "Nani amekileta?"

Nilikuwa nimesimama karibu yake. Nilisikia maneno yote yamenipanda kooni: wewe, Baba, wewe, guniani, na siafu, ukaniambia nisilie. Nikamtazama Nyanya amkumbushe. Nyanya alimtazama mwanawe, macho yale yaliyokuwa yakitazama kitu kilicho mbali nyuma ya ukuta, na nikaona namna alivyoamua, kama siku ya kisu.

"Ni mti wetu," akamwambia. "Mimi na Maimuna."

"Mzuri," akasema Baba. Akaweka kikombe chini, akaenda kulala.

Nilibaki pale nimeinamisha kichwa, machozi yananidondoka vidoleni. Nyanya akaichukua kata penye mtungi, akanijia nayo. Hakunifuta machozi, hakuwa mtu wa hayo.

"Leo zamu ya nani?" akaniuliza. "Yangu au yako?"

Ilikuwa yake. Na alijua ni yake. Nikasema, "Yangu," akanipa.

Swafiya alirudi na chai, akanikuta nimeshika kile kijungu chake kwa mikono miwili. Akasema, "Haya Nyanya, nimelikosea nini?" Nikamwambia halijakosewa na mtu. Nikamwambia arudi nyumbani, asikate kitu kwanza. Akusanye majani yake yaliyoanguka, ayatie kwenye sinia, aende nayo chumbani kwa mkwewe, aketi chini, amuulize zamu yake ni lini.